Antena ya redio ya mkononi: namna ya kuchagua ukiwa ndio kwanza unaanza

Redio nyingi za mkononi za bei nafuu, mfano Baofeng UV-5R, huja na kijiti cheusi cha mpira chenye urefu wa sentimita 15 hivi. Wapya katika redio za ridhaa (mawasiliano ya redio ya kujifurahisha, kwa leseni) hutaka kukibadilisha siku hiyo hiyo, na kwa kweli hawajakosea: hakuna shilingi itakayokuza redio hiyo kuliko ile inayowekwa kwenye antena. Kosa liko kwenye kununua kwa kutazama picha. Antena ndefu inayofanya kazi vizuri mlimani itakuchoma mbavu ndani ya daladala, na antena nzuri ikichomekwa kwenye redio iliyofungiwa ndani ya nyumba ya zege na nondo bado itakuwa imefungiwa humo.

Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la antena yoyote, jibu kwanza: redio itakuwa wapi wakati unazungumza? Mkononi ukitembea, kiunoni kazini, ndani ya gari, au mezani nyumbani? Kila jibu lina antena yake, na mwenye majibu mawili huishia kuwa na antena mbili.

Urefu ndio mzizi wa mambo

Urefu wa wimbi kwa mita ni 300 kugawanya kwa masafa yaliyo katika megahezi. Ukiwa kwenye MHz 145, wimbi moja lina mita 2.07, ndiyo maana bendi hiyo huitwa bendi ya mita 2. Antena rahisi inayofanya kazi kwa uaminifu ni robo ya wimbi. Waya halisi hukatwa mfupi kidogo kuliko hesabu ya hewani, kwa hiyo tumia 71.3 kugawanya kwa megahezi: kwenye 145 utapata sentimita 49, na kwenye 435 sentimita 16.4.

Sasa kitazame tena kile kijiti cha sentimita 15. Kwa bendi ya sentimita 70 (MHz 430 hadi 440) kinakaribia robo ya wimbi, na ndiyo maana huko hakifanyi vibaya. Kwa bendi ya mita 2 ndani yake kuna waya uliosokotwa kama springi ili urefu uingie kwenye nafasi ndogo. Kusokota kunaifanya redio iikubali antena, lakini sehemu ya nguvu inapotea kama joto na upana wa masafa inayoyahudumia unabana. Ukilinganisha na robo ya wimbi iliyonyooka unapoteza desibeli kadhaa. Kumbuka kwamba desibeli 3 ni nusu ya nguvu na desibeli 6 ni robo. Redio ya wati 5 yenye antena inayopoteza desibeli 6 inarusha sawa na redio ya wati moja na robo.

Kanuni hizi zinakulinda dukani. Ukiambiwa kuna antena ya sentimita 5 yenye "ongezeko la desibeli 5" kwenye mita 2, huo ni utani. Kipande kifupi hivyo ni cha kubeba kwa urahisi tu, na kinafaa pale ripita (kituo cha juu kinachopokea sauti yako na kuirusha upya) iko karibu. Na tarakimu za maboksi zikikuvutia, angalia zimepimwa dhidi ya nini: dBi (dhidi ya antena ya kinadharia inayorusha sawa pande zote) ni kubwa kuliko dBd (dhidi ya dipole, antena ya nusu wimbi) kwa 2.15 kwa antena ile ile. Tarakimu isiyo na herufi hizo mwishoni usiihesabu.

Hatua ya kwanza: hakikisha masafa

Afrika Mashariki iko katika Kanda ya 1 ya kimataifa ya redio, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Bendi ya mita 2 huku ni MHz 144 hadi 146; Marekani inafika 148. Antena iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inaweza kuwa imekatwa ili ifanye vizuri zaidi kwenye 146 au 147. Tofauti hiyo si kubwa kwa antena nene au ndefu, ila kwa fupi zilizosokotwa inaonekana. Soma leseni yako uone umeruhusiwa wapi hasa, maana sehemu za bendi ya sentimita 70 hazifanani nchi hadi nchi. Tanzania mwenye neno ni TCRA na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano.

Mtego mmoja wa huku kwetu: redio ndogo za walinzi na wasimamizi wa hafla, kama Baofeng BF-888S, zinafanya kazi MHz 400 hadi 470 peke yake. Antena zake zinafanana na za UV-5R na zinaingia kwenye tundu lile lile. Ukiichomeka kwenye redio yako, bendi ya sentimita 70 itakwenda vizuri na ya mita 2 itakuwa kiziwi. Antena unayotaka iwe imeandikwa 144/430, au 136-174 pamoja na 400-520.

Hatua ya pili: konekta

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Redio nyingi za mkononi hutumia SMA, konekta ndogo ya kufunga kwa skrubu, nayo ina dume na jike.

Ondoa antena ya sasa uitazame kitako. Kama ina nyuzi za skrubu kwa nje na katikati kuna kitundu, hiyo ni SMA jike; ndiyo ya Baofeng na nyingi za Kichina. Kama nyuzi ziko ndani na katikati kuna pini, hiyo ni SMA dume. Ndiyo ya redio za mkononi za Yaesu za siku hizi. Redio za zamani za Icom na nyingine nyingi zina BNC, ile inayofungwa kwa kusukuma na kuzungusha robo. Unapoagiza, taja konekta ya antena, usitaje ya redio, maana muuzaji akisikia "dume" hajui unasemea upande upi. Kumpigia picha ya kitako ni salama zaidi.

Antena za ruta za Wi-Fi zinaweza kukuvutia kwa kuwa zinakaribia kufanana. Nyingi zina SMA iliyogeuzwa, ambayo pini na tundu zimebadilishana upande. Kwenye redio ya aina ya Yaesu nyuzi zinaingia lakini katikati hakuna kinachogusa. Hata kama kingegusa, zimekatwa kwa MHz 2400.

SMA ni konekta ya vifaa vya maabara, ikifungwa na kufunguliwa mara mia kadhaa inachoka. Antena ya sentimita 40 au zaidi nayo inafanya kama mtaimbo: ukiangusha redio, nguvu yote inakwenda kwenye kile kishingo kidogo na kukilegeza kutoka kwenye bodi. Ukipanga kubadilisha antena mara kwa mara, nunua adapta ya SMA kwenda BNC yenye kitako kipana kinachokaa juu ya bodi la redio, ifunge na uiache hapo. Kuanzia siku hiyo nunua antena za BNC.

Hatua ya tatu: chagua aina kulingana na mahali

Mtembeaji wa mjini anafaa na antena ya kunyumbuka ya sentimita 35 hadi 40. Nagoya NA-771 ndiyo inayotajwa sana, na Diamond ina SRH77CA ya kundi hilo hilo. Mita 2 inaboreka waziwazi na sentimita 70 kidogo. Haivunjiki ukikaa nayo.

Kwa anayetaka kusikika mbali akiwa amesimama sehemu wazi, robo ya wimbi kamili ya sentimita 48 au 49 ni bora. Signal Stick hutumia waya wa nitinoli, chuma kinachorudi kunyooka hata ukikizungusha duara. Robo ya wimbi ya mita 2 ina zawadi nyingine: 145 mara tatu ni 435, kwa hiyo waya huo huo unakuwa robo tatu ya wimbi kwenye sentimita 70 na redio inaukubali bila saketi yoyote ya ziada.

Antena za kuvuta kama Diamond RH770, ambayo ikivutwa yote inakaribia mita moja, zinafanya vizuri kuliko zote hizi ukiwa umetulia kilimani. Ukianza kutembea nayo utaipinda siku ya kwanza. Irushe ikiwa imevutwa urefu uliotajwa na mtengenezaji tu. Ukiivuta nusu, redio inaweza isiikubali kabisa.

Kwa anayeivaa kiunoni, antena ndefu haisaidii sana. Mwili ni maji na chumvi, nao unameza mawimbi. Kuinua redio hadi usawa wa uso, umbali wa sentimita 5 hivi kutoka mdomoni na antena ikiwa wima, mara nyingi kunakupa zaidi ya antena mpya. Usiilaze redio unapozungumza: mwenzako na ripita wanatumia antena za wima, na ukiilaza yako unapoteza sehemu kubwa ya ishara hivi hivi.

Bandia ni nyingi, hasa za NA-771. Dalili zake: maandishi yanayofutika kwa kidole, kitako kinachozunguka peke yake, na bei isiyoingia akilini. Wala si kila bandia ni mbovu. Nyingine zinafanya kazi, ila huwezi kujua mpaka upime.

Mkia: nyongeza ya bei ya soda

Antena ya robo wimbi ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bodi la redio na mkono wako, na kwa mita 2 bodi la redio ni fupi mno. Ukiongeza waya kwenye upande wa ganda la konekta, unaikamilisha.

Chukua waya laini wenye ganda la plastiki, sentimita 49. Upande mmoja bana pete ya chuma ya kufungia waya, yenye tundu la M6. SMA ina kipenyo cha milimita 6.35 na tundu hilo ni kama 6.4, kwa hiyo linapita vizuri. Kwa antena ya SMA jike, ivishe pete kwenye nyuzi za antena kisha uikaze kwenye redio. Waya uning'inie chini. Pete iwe nyembamba: ikiwa nene, pini ya katikati haitafika kwenye tundu lake na redio itakuwa inarusha hewani bila antena. Nyuzi za shaba zilizochomoza ndizo hatari nyingine. Ukiizungushia konekta waya uliochubuliwa badala ya pete, uzi mmoja ukigusa pini umefunga saketi.

Kwenye mita 2 mkia huu unasikika kwa mwenzako. Kwenye sentimita 70 usitarajie makubwa, kwani huko bodi la redio linatosha karibu.

Hatua ya nne: jaribu kwa haki

Majaribio mengi ya wapya hayaoneshi kitu kwa sababu yanafanywa karibu na ripita. Redio ya FM ishara ikizidi kiwango fulani inatoa sauti safi, na kuanzia hapo ubora haupandi tena. Vistari vya ishara vya redio za bei nafuu navyo havina maana: ama vimejaa ama havipo. Fanya hivi:

1. Tafuta mahali ambapo ishara inakuja na mkwaruzo, au mwombe mwenzako aende mbali mpaka sauti yako iwe na makelele.
2. Weka redio kwenye nguvu ndogo, wati 1. Ukijaribu kwa wati 5 utaficha tofauti.
3. Simama palepale, elekea upande uleule, redio usawa wa uso. Sema sentensi moja, badilisha antena, rudia.
4. Sogea hatua moja upande na urudie, mara tatu. Mawimbi yanagonga kuta na kurudi, na hatua moja tu inaweza kukupeleka kwenye shimo lisilo na ishara. Jaribio la sehemu moja halina uzito.

Usiiwashe kurusha wakati hakuna antena. Nguvu inayorudi inaweza kuua transista ya mwisho.

Mita ya SWR, ile inayopima nguvu inayorudishwa na antena, ina maana kwa antena ya nyumbani kuliko ya mkononi. SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 tu, ya 2 asilimia 11, ya 3 robo nzima. Lakini antena ya mkononi inategemea mkono na bodi. Ukiifunga juu ya mita au NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima antena) mezani unapima kitu kingine kabisa. Ishike mita hiyo kama unavyoshika redio. Kumbuka pia kwamba kizuizi cha ohmu 50 kina SWR kamili ya 1 wala hakirushi chochote. Mita ya redio za CB za MHz 27 haifai hapa.

Nyumbani na garini: toa antena nje

Kwa mawimbi haya upeo wa macho ndio mpaka. Umbali wa upeo kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Watu wawili waliosimama, antena zikiwa mita 1.5 juu ya ardhi tambarare, wanafikiana kama kilomita 10. Ukipandisha antena yako hadi mita 9, upeo wako peke yako ni kilomita 12. Ripita iliyo mita 400 juu ya mazingira yake inaona kilomita 82. Wati hazibadilishi hesabu hii.

Ndani ya gari bati linakuzunguka pande zote, na antena ya sumaku juu ya paa ndiyo dawa. Nyumba nyingi zetu zina paa la mabati ya chuma: kitako kile kile cha sumaku kinashika pale juu, na bati lote linakuwa nusu ya pili ya antena. Kikague kama sumaku inang'ang'ania kweli, kwani bati la alumini haliishiki. Ukibaki chini ya paa hilo na redio mkononi, bati hilo hilo ndilo linalokuziba.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, anza na antena ya miguu minne. Unahitaji konekta ya tundu ya SO-239 yenye kitako cha mraba, mita 3 za waya wa shaba mgumu wa nyumba (milimita 4 za mraba), na skrubu nne za M3 zenye nati. Chomelea kwa risasi kipande cha sentimita 50 kwenye pini ya juu. Funga vipande vinne vya sentimita 51 kwenye matundu ya pembeni, kisha vikunje viinamie chini nyuzi 45. Vikiachwa bapa, antena inakuwa na ohmu 36 hivi; kuinamisha kunaivuta kuelekea 50, kiwango cha redio na kebo. Kata ule wa juu taratibu mpaka SWR iwe chini kabisa kwenye 145: kila milimita 5 inapandisha masafa kwa MHz 1.5 hivi, kwa hiyo mkasi uwe na subira. Ziba juu ya tundu kwa silikoni isiyonuka siki, maana ile inayonuka siki inakula shaba.

Kebo ndiyo inayokula faida yote hii. RG-58 ya mita 10 inapoteza karibu desibeli 2 kwenye 145, na kwenye 435 inakaribia 4, yaani zaidi ya nusu ya nguvu yako imebaki ukutani. RG-174 nyembamba iwe ya kipande cha sentimita 30 tu, cha kuunganisha redio na kebo nene ili uzito usivute SMA. Kama kebo nene ya RG-213 haipatikani au ni ghali, RG-6 ya madishi ya televisheni ni nzuri kuliko RG-58 ingawa ni ya ohmu 75. Tofauti hiyo inakupa SWR ya 1.5 tu. Kasoro yake ni kwamba wavu wake mara nyingi ni alumini na haushiki risasi, kwa hiyo tumia konekta za F pamoja na adapta.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: baada ya antena ya paani kuunganishwa, redio ya bei nafuu inaanza kusikia vibaya zaidi. Upokeaji wake hauna vichujio vya kutosha, na antena kubwa mjini inaleta vituo vya FM vya MHz 88 hadi 108 kwa nguvu mpaka ishara dhaifu ya 145 inazama. Utajua ndivyo ilivyo ikiwa ripita inasikika ukirudisha kijiti cha mpira na kupotea ukichomeka ya paani. Dawa ni kichujio cha kuzuia FM kilichotengenezwa kuhimili kurusha (vile vya kupokea tu utaviunguza), au redio bora zaidi.

Pwani, Mombasa au Tanga, chumvi ya hewani huingia kwenye konekta ndani ya miezi michache. Zungushia mkanda wa mpira unaojigandisha, kisha mkanda wa umeme juu yake, ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Kanda ya Ziwa Victoria tatizo ni radi. Mawingu yakianza kujikusanya, chomoa kebo kwenye redio na uitoe nje ya dirisha kabla mvua haijafika. Ukishasikia ngurumo usiiguse tena.